Kuisoma Ripoti ya Jeni Yenye Badiliko Lisilojulikana Maana: Mwongozo kwa Familia na Wahudumu wa Afya wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wawili wanaokaa meza moja: mgonjwa au jamaa yake aliyeletewa ripoti ya kipimo cha saratani ya kurithi, na daktari au muuguzi anayetakiwa amweleze ripoti hiyo inasema nini. Unahusu jibu la aina moja tu, lile ambalo ripoti huliandika kwa herufi tatu, VUS, yaani badiliko la jeni ambalo maana yake bado haijajulikana. Anayelipokea jibu hilo hutaka kuligeuza liwe "ninayo" au "sina", na hapo ndipo madhara huanzia. Msimamo unaouongoza mwongozo wote ni huu: badiliko la namna hiyo lisitumiwe kuamua jambo lolote la matibabu, si la kukata kiungo wala la kuacha uchunguzi, na mpaka maabara iseme vingine, uangalizi wa mtu uongozwe na historia ya saratani katika ukoo wake.

Hatua ya kwanza: Hakikisha ripoti ni ya nani na sampuli ilikuwa ya nini

Katika visiwa ambako akina Asha na Fatma, Ali na Juma hujirudia katika kila mtaa, majina matatu hayatoshi kumtambulisha mtu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, nambari ya sampuli na tarehe iliyochukuliwa kabla ya kusoma chochote kingine, hasa ikiwa sampuli imesafirishwa nje ya nchi na ripoti imerudi kwa barua pepe ya mtu wa tatu.

Kisha angalia kama kilichopimwa ni damu au mate, au ni kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Uvimbe hukusanya mabadiliko yake wenyewe ambayo mgonjwa hakuzaliwa nayo na hawezi kuwarithisha watoto wake. Badiliko lililoonekana kwenye kinyama pekee haliwezi kuitwa la kurithi mpaka lithibitishwe kwa damu, mate au ngozi. Jeni ya TP53, mojawapo ya jeni za saratani ya kurithi, inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu hata damu huweza kuonyesha badiliko lililojitokeza ukubwani katika chembe za damu peke yake, na hili hutokea zaidi kwa wazee na kwa waliokwishatibiwa kwa dawa za saratani.

Hatua ya pili: Soma mstari wenyewe, herufi kwa herufi

Ripoti huwa na maneno mengi, lakini jambo lote limo katika mstari mmoja wenye jina la jeni, nambari inayoanza na NM, na maandishi mawili, moja likianza na herufi c na jingine na herufi p. Chukua mfano wa badiliko moja linalojulikana vizuri: BRCA2, NM_000059, c.9976A>T, p.Lys3326Ter. Maana yake ni kwamba katika jeni ya BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13 na ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, herufi ya 9976 ya maelekezo ya kutengenezea protini ilipaswa kuwa A na sasa ni T. Kwa sababu hiyo, mahali pa amino asidi (kipande cha kujengea protini) ya 3326 pamewekwa alama ya kusimama, na protini inakatika hapo.

Mfano huu umechaguliwa kwa makusudi. Msomaji anayejua kidogo ataona alama ya kusimama na kuhitimisha kwamba protini iliyokatika lazima iwe mbovu, na kwa kawaida angekuwa sahihi. Lakini protini ya BRCA2 ina amino asidi 3,418, badiliko hili linaondoa 93 tu za mwisho, na ushahidi wa watu wengi umeonyesha kwamba haliongezi hatari kwa kiwango kinachotarajiwa kwa mabadiliko yenye madhara ya BRCA2. Kwa hiyo umbo la badiliko ni dalili, na dalili peke yake haitoshi.

Nakili mstari huo kama ulivyo, pamoja na nukta na mishale yake. Nimeona mara nyingi barua za rufaa zimeandikwa "ana jeni ya BRCA" na kuishia hapo. Kila binadamu ana jeni ya BRCA1 na BRCA2. Barua ya namna hiyo haimsaidii daktari anayeipokea Dar es Salaam, na humtia khofu mgonjwa anayeisoma akiwa ndani ya boti.

Hatua ya tatu: Jua badiliko limesimama wapi katika daraja tano

Tangu mwaka 2015 maabara nyingi duniani hufuata utaratibu uliowekwa na wataalamu wa jenetiki na wa patholojia wa Marekani, ambao unayagawa mabadiliko katika daraja tano: lenye madhara, lenye uwezekano mkubwa wa kuwa na madhara, lisilojulikana maana, lenye uwezekano mkubwa wa kutokuwa na madhara, na lisilo na madhara. Ushahidi hupimwa kwa uzito. Katika mfumo wa alama uliojengwa baadaye juu ya utaratibu huo, ushahidi dhaifu hupewa alama 1, wa wastani 2, wenye nguvu 4 na wenye nguvu sana 8, na alama za ushahidi wa kwamba badiliko halidhuru hupunguzwa kwenye jumla. Jumla ikifika 10 badiliko huitwa lenye madhara. Kuanzia 6 hadi 9 huitwa lenye uwezekano mkubwa wa madhara. Na kuanzia 0 hadi 5 hubaki VUS.

Tazama upana wa daraja hilo la katikati. Badiliko lenye alama 5 limebakisha ushahidi mmoja mdogo ili livuke mpaka, na jingine lenye alama 0 halina lolote la kulishuku, na yote mawili yanapewa jina moja kwenye ripoti. Kwa hesabu ya uwezekano wa badiliko kuwa na madhara, daraja hili linaanzia kama asilimia 10 na kufika asilimia 90. Ndiyo maana swali la kwanza la kuiuliza maabara ni ushahidi upi uliotumika na ulipewa uzito gani. Maabara nyingi huueleza katika aya ndogo mwishoni mwa ripoti, na aya hiyo ndiyo ya kusomwa mara mbili.

Kadhi hamhukumu mtu kwa ushahidi mmoja ulioyumba, wala hatangazi kwamba mtu huyo ni mwema kwa sababu tu mashahidi hawajafika. Daraja la katikati lina maana hiyo hiyo: kesi ipo wazi.

Hatua ya nne: Mweleze mwenye ripoti kwa maneno ambayo hayatamsukuma upande wowote

Hapa ndipo ninapoomba wahudumu wenzangu wachukue muda. Mtu akishasikia neno "saratani" na neno "jeni" katika sentensi moja, yanayofuata huyasikia nusu. Sema kwa utaratibu, kwa mfano hivi: "Mama, kipimo kimeona herufi moja iliyo tofauti katika jeni yako. Watu wana herufi nyingi zilizo tofauti na nyingi hazidhuru kitu. Hii yako, wataalamu bado hawajaona watu wa kutosha wenye herufi kama hii ili waseme inadhuru au haidhuru. Kwa hivyo leo hatukwambii unayo, na hatukwambii huna. Tutakuangalia kwa kufuata yaliyotokea kwenu, kwa mama yako na shangazi zako, na hiyo herufi tutaiuliza tena."

Baada ya hapo mwambie arudie alichoelewa. Akisema "basi nimesalimika", rudi nyuma umweleze upya. Akisema "basi nikatwe maziwa yote mawili", rudi nyuma vilevile. Kuondoa matiti au ovari kwa sababu ya VUS pekee hakukubaliki katika miongozo ya tiba, na dawa zinazolenga saratani za BRCA, kama olaparib, zikitolewa kwa sababu ya BRCA huhitaji badiliko lenye madhara au lenye uwezekano mkubwa wa madhara. Familia iliyo tayari kuuza shamba la mikarafuu ili mtoto wao akafanyiwe upasuaji India inastahili kuambiwa hili waziwazi, tena kabla mnunuzi hajapatikana.

Kuna takwimu moja inayosaidia katika mazungumzo haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA, uliopitia vipimo vya watu milioni 1.45 vya maabara moja ya Marekani, ulikuta kwamba kati ya VUS zilizoripotiwa, asilimia 7.7 ziliainishwa upya, na katika hizo zaidi ya asilimia 90 zilishushwa kuwa zisizo na madhara au zenye uwezekano mkubwa wa kutokuwa nayo. Itumie takwimu hiyo kutuliza, usiitumie kuahidi.

Hatua ya tano: Chora shajara ya ukoo, na uichore kwa ukweli wa damu

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote zilizomo humu, na haihitaji mashine. Karatasi moja, kalamu, na mzee mmoja au wawili wenye kumbukumbu ndani ya nyumba. Andika vizazi vitatu kwa uchache, upande wa mama na upande wa baba, na kwa kila mtu andika umri alionao au umri aliofariki, aina ya saratani ikiwa alipata, na umri aliougua.

Upande wa baba husahauliwa, kwa sababu watu hudhani saratani ya matiti hurithiwa kwa mama tu. Mwanamume huweza kubeba badiliko la BRCA1 au BRCA2 maisha yake yote bila kuugua, na kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kulirithi. Kwa hiyo uliza habari za ami na shangazi kwa bidii ile ile unayouliza habari za mjomba na mama mdogo, na usiache kuulizia saratani ya tezi dume, ya kongosho na ya titi la mwanamume.

Pili, tenganisha ndugu wa damu na ndugu wengine. Ndugu wa kunyonya ni ndugu katika sheria ya ndoa na katika mapenzi, lakini hawakurithi jeni kutoka kwa mama aliyewanyonyesha, na wakichorwa kama ndugu wa tumbo moja mchoro wote unapotoka. Hali kadhalika mtoto wa kulea. Ulizia kwa adabu, ukieleza sababu, na umuulize mzee peke yake pale unapoona kuna jambo ambalo halisemwi mbele ya watoto. Kwa upande mwingine, pale baba alipooa zaidi ya mara moja, watoto wa mama mbalimbali wanasaidia sana: badiliko likionekana kwa watoto wa mama wawili tofauti, ni wazi karibu kila mara kwamba limetoka kwa baba.

Tatu, yapime maneno ya zamani. "Alikuwa na donda la ziwa" ni maelezo yanayoaminika kiasi. "Alivimba tumbo, akawa anatolewa maji" yanaweza kuwa saratani ya ovari, yanaweza kuwa ini, na yanaweza kuwa jambo jingine kabisa. Usiandike "ovari" kwa kubahatisha. Andika maneno yenyewe kama yalivyosemwa, halafu tafuta karatasi. Familia nyingi zina bahasha iliyorudi na mgonjwa kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road au Muhimbili, na jibu la kinyama lililomo humo lina thamani kuliko kumbukumbu za watu kumi.

Nne, onyesha ndoa za jamaa. Mtoto wa ami akimuoa binti ami yake, badiliko moja la babu yao huweza kushuka kwa njia mbili na kukutana kwa kitukuu wake. Jambo hili lina faida isiyotarajiwa katika kutafsiri VUS. Nakala mbili zenye madhara za BRCA2 kwa kawaida huleta maradhi ya Fanconi, ambayo huharibu uboho tangu utotoni. Basi akipatikana mtu mzima mwenye afya njema aliyerithi nakala mbili za badiliko lile lile linalochunguzwa, huo ni ushahidi wa maana kwamba badiliko hilo halidhuru. Iandikie maabara habari hiyo, kwa sababu ndoa za namna hii ni chache katika jamii ambazo data nyingi zimetoka, na kwetu si chache.

Hatua ya sita: Tafuta badiliko katika hifadhidata, ukijua zimejaa watu wa wapi

Hifadhidata mbili zinatosha kuanzia, na zote hufunguliwa bila malipo. ClinVar, iliyoanzishwa mwaka 2013 na serikali ya Marekani, hukusanya maoni ya maabara mbalimbali juu ya kila badiliko. Usiangalie neno lililoandikwa tu, angalia na nyota. Nyota moja huweza kuwa na maana ya maabara moja tu iliyotoa maoni na vigezo vyake, au maabara kadhaa zinazopingana. Nyota tatu zina maana kwamba jopo la wataalamu limekaa na kukubaliana. Kwa BRCA1 na BRCA2 jopo hilo ni ENIGMA, na kwa jeni za ugonjwa wa Lynch, unaoleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba, ni InSiGHT.

Ya pili ni gnomAD, inayoonyesha badiliko limeonekana kwa watu wangapi. Mantiki yake ni nyepesi: badiliko linalopatikana kwa watu wengi mno haliwezi kuwa chanzo cha maradhi adimu. Katika utaratibu wa mwaka 2015, linalozidi asilimia 5 katika jamii yoyote kubwa huhesabiwa kuwa halina madhara.

Tatizo letu liko katika hilo neno "jamii". Kundi linaloitwa la Kiafrika katika gnomAD limetawaliwa na Wamarekani Weusi, ambao asili yao ya Kiafrika kwa sehemu kubwa ni ya Afrika Magharibi. Mtu wa Makunduchi au wa Micheweni hana mahali panapomfaa hasa. Utafiti wa mifupa ya kale ya pwani yetu, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba watu wa miji ya Waswahili wa kale walichanganya asili ya Kiafrika na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, kuanzia kama miaka 1,000 iliyopita; na baadaye wakaja watu wa Oman, wa Bara Hindi na wa Ngazija. Badiliko la kawaida kabisa katika ukoo wa Pemba huweza lisionekane kwa mtu hata mmoja katika hifadhidata, na mashine ikalihesabu kuwa adimu, na uadimu huo ukaongezwa kwenye upande wa kulishuku. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu wenye asili ya Kiafrika kupewa majibu ya VUS mara nyingi zaidi kuliko Wazungu. Ukiona ripoti imesema "halijaonekana katika jamii yoyote", soma kwamba halijaonekana kwa waliopimwa.

Programu zinazotabiri madhara kwa kompyuta, kama REVEL ya mwaka 2016 au AlphaMissense ya mwaka 2023, ni msaada na si hukumu. Majaribio ya maabara yana uzito zaidi: mwaka 2018 watafiti walijaribu karibu mabadiliko 4,000 ya herufi moja moja katika sehemu muhimu za BRCA1 na kupima kama chembe zinabaki hai. Badiliko lako la BRCA1 likiwa katika sehemu hizo, iulize maabara kama matokeo hayo yamezingatiwa.

Hatua ya saba: Pima jamaa kwa sababu sahihi tu

Jamaa wenye afya wasipimwe VUS ili wajue hatari yao, kwa sababu jibu lao halitasema lolote. Binti asiyekuwa na badiliko hilo hawezi kuambiwa yuko salama, na aliye nalo hawezi kuambiwa yuko hatarini.

Kupima jamaa kuna maana pale tu lengo linapokuwa kufuatilia kama badiliko linatembea pamoja na saratani ndani ya ukoo, na wa kupimwa kwanza ni waliougua. Dada wawili wote wamepata saratani ya matiti na wote wana badiliko: hilo linavutia, lakini lingetokea kwa nusu ya nafasi hata kama badiliko halina kosa. Binamu wa mbali aliyeugua akiwa na umri mdogo na akawa nalo ana uzito zaidi, kwa kuwa kati yao kuna vizazi vingi ambavyo badiliko lingeweza kupotea njiani. Na aliyeugua mapema akikutwa hana, hapo shaka juu ya badiliko inapungua. Waulize maabara kama wanapima jamaa bila malipo kwa kazi hii. Zipo zinazofanya hivyo.

Hatua ya nane: Panga uangalizi kwa kufuata ukoo

Mwanamke ambaye mama na dada yake waliugua saratani ya matiti kabla ya miaka 45 ana hatari iliyoongezeka hata kama VUS yake itathibitishwa kesho kuwa haina madhara, kwa sababu kilichosababisha huenda hakikupimwa. Ajadiliane na daktari wa Mnazi Mmoja, wa Abdalla Mzee au wa hospitali aliyoizoea juu ya umri wa kuanza mamografia na ultrasaundi, na asingoje jibu la jeni.

Pale saratani iliyopo ni ya utumbo mpana na VUS iko katika mojawapo ya jeni za Lynch, yaani MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, uliza kama kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo patholojia. Kikipakwa rangi ya kuonyesha protini za jeni hizo nne, protini inayokosekana ikilingana na jeni yenye VUS, shaka huongezeka. Zikiwepo zote, hupungua. Kwa MLH1 iwepo tahadhari, kwani protini yake hupotea pia kwa njia isiyo ya kurithi.

Hatua ya tisa: Uliza tena, kwa maandishi

Usidhani maabara itakutafuta. Baadhi hutuma barua ya marekebisho, lakini humtumia daktari aliyeagiza kipimo, na huenda daktari huyo amehama. Andika kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mara moja akiugua mtu mpya katika ukoo. Barua iwe na nambari ya ripoti, mstari ulionakiliwa katika hatua ya pili, shajara iliyosahihishwa, na maswali mawili: je, daraja limebadilika, na ni ushahidi gani ulioongezeka? Badiliko likipandishwa kuwa lenye madhara, hapo ndipo jamaa wote wa damu huitwa kupimwa, na wachumba wa ukoo mmoja huelezwa habari ya nakala mbili.

Nakala ya ripoti ikae kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, ikiwezekana mmoja Unguja na mmoja Pemba, na katika barua kwa maabara ziandikwe simu za wote wawili. Mwenye ripoti akifariki, wao ndio watakaoendelea kuuliza kwa niaba ya watoto wake. Kwa sababu hiyo, awaandikie ruhusa yenye saini yake wakati angali hai, kwani maabara nyingi hazitoi habari za mgonjwa kwa mtu asiyekuwa na idhini.